Siti binti Saad na Watu wa Ng'ambo: Dhima ya Msanii Nje ya Kasri

Siti binti Saad hutajwa mara nyingi kuwa mama wa taarabu ya Kiswahili, na sifa hiyo aghalabu huambatanishwa na mambo mawili: kwamba aliimba katika kasri la Sultani wa Zanzibar, na kwamba alikuwa miongoni mwa waimbaji wa mwanzo kabisa wa Afrika Mashariki ambao sauti zao zilihifadhiwa katika sahani za santuri. Yote mawili ni kweli. Hata hivyo, hayaelezi kwa nini mafukara wa Ng'ambo walimhesabu kuwa wao, wala kwa nini jina lake liliendelea kutajwa na watu ambao hawakupata kuliona kasri hilo ila kwa nje.

Alizaliwa yapata mwaka 1880 huko Fumba, kusini-magharibi mwa kisiwa cha Unguja, kwa baba Mnyamwezi na mama Mzigua, akapewa jina la Mtumwa. Jina hilo halikuwa kinyume cha mazingira yake: hali ya utumwa ilitambuliwa kisheria Unguja hadi mwaka 1897, na hata baada ya hapo asili ya mtu iliendelea kuulizwa na kukumbushwa. Hakupata elimu ya shule. Kazi aliyojifunza ni ufinyanzi, nayo ilimpeleka mjini mara kwa mara akiwa na vyungu vya kuuza, huku akivinadi kwa kuimba. Inaelezwa kwamba wanunuzi walianza kuisikiliza sauti kabla ya kuvitazama vyungu.

Mwaka 1911 alihamia mjini. Alikutana na Ali Muhsin, aliyemfunza uimbaji wa kufuata ala, hasa udi. Taarabu aliyoikuta ilikuwa ya mabwana. Sultani Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, ndiye aliyeileta katika kasri kutoka Misri. Kikundi cha Nadi Ikhwan Safaa, kilichoundwa mwaka 1905, kiliiendeleza kwa nyimbo za Kiarabu, lugha ambayo wengi wa wakazi wa mji waliiheshimu pasi na kuielewa. Siti aliimba kwa Kiarabu pia alipoalikwa na wakubwa, lakini alichokifanya kwa Kiswahili ndicho kilichobadilisha mkondo wa sanaa hiyo.

Katika kipindi hicho ndipo alipopewa jina la Siti, yaani bibi mwenye heshima. Badiliko hilo si dogo. Wakati huohuo maelfu ya watu waliokuwa watumwa, au watoto wa watumwa, walikuwa wakijitafutia majina na mavazi mapya. Kaniki, vazi lililohusishwa na utumwa, liliachwa na nafasi yake ikachukuliwa na kanga na buibui. Na wengi waliacha kujitambulisha kwa makabila ya Bara walikotoka wazee wao. Safari ya Mtumwa kuwa Siti ilikuwa safari ya mtaa mzima. Ndiyo maana wapinzani wake walipotunga nyimbo za kumkebehi kwa ushamba wake, vyungu vyake na sura yake, kebehi hizo hazikumgusa yeye peke yake. Na alipojibu kwa wimbo, walikuwapo wengi waliojihisi wamejibiwa pamoja naye.

Ng'ambo ni ile sehemu ya mji iliyokuwa upande wa mashariki wa hori lililoitenga na Mji Mkongwe. Waliishi humo wachukuzi, wavuvi, mafundi, wauzaji wadogo, wanawake wasio na waume na wageni kutoka kila upande wa mwambao na Bara. Nyumbani kwa Siti katika sehemu hiyo wanamuziki wake walikutana usiku kwa mazoezi: Subeti Ambari, Buda Swedi, Mwalimu Shaabani, na Mbaruku, mpiga udi kipofu mzaliwa wa Mombasa. Majirani walikuja kusikiliza. Habari za siku zilisimuliwa, zikachambuliwa, na zile zilizowakera au kuwachekesha watu ziligeuzwa kuwa beti. Kwa hiyo kuziita nyimbo hizo tungo za Siti ni kurahisisha mno. Maneno yalikuwa ya wengi, na sauti ya mmoja ndiyo iliyoyabeba. Utafiti unaotafuta mtunzi mmoja kwa kila wimbo huikosa sehemu muhimu ya sanaa hii.

Wimbo unaofahamika kwa jina la Kijiti unaonyesha vizuri jinsi baraza hilo lilivyofanya kazi. Unahusu mwanamke mgeni aliyeuawa Unguja. Mshukiwa alitorokea Bara, na wanawake waliokuwa mashahidi ndio walioadhibiwa na mahakama. Mahakama ilikwisha kutoa uamuzi wake. Wimbo ulitoa mwingine, mbele ya wasikilizaji ambao hawakuwa na hakimu wa kumwendea. Kwa watu wasiojua kusoma magazeti, na ambao magazeti yenyewe hayakuwajali, huku ndiko kulikokuwa kumbukumbu ya shauri lao. Aidha, mwanamke aliyedhulumiwa aliombolezwa hadharani na mwanamke mwenzake, jambo ambalo taarabu ya kasri haikuwa na nafasi nalo.

Mwaka 1928 Siti na wenzake walisafiri hadi Bombay kurekodi kwa kampuni ya His Master's Voice. Sahani zilienea mwambaoni na kupenya Bara, zikisikilizwa migahawani na majumbani mwa wenye gramafoni. Katika mwaka huohuo wapangaji wa Ng'ambo waligoma kulipa kodi ya ardhi kwa wenye viwanja. Haifai kudai kwamba nyimbo zilileta mgomo. Lakini watu waliogoma pamoja walikuwa na asili mbalimbali, na kabla ya hapo walikwisha kuzoea kukaa pamoja, kucheka pamoja na kuhukumu pamoja. Baraza la Siti lilikuwa mojawapo ya mahali pa mazoea hayo.

Siti alifariki mwaka 1950. Shaaban Robert aliandika wasifu wake, nao hadi leo ndio mlango wa kwanza wa wanafunzi wengi. Katika kitabu hicho Siti ni kielelezo cha mtu binafsi aliyeshinda ufukara kwa bidii, subira na tabia njema. Ni picha yenye heshima, na fasihi ya Kiswahili ina deni kwa mwandishi wake. Walakini, kwa kumwinua Siti juu ya watu wake, inawaacha watu hao gizani. Chama cha Wanahabari Wanawake Tanzania kilipoliita jarida lake Sauti ya Siti, katika miaka ya 1980, kiliikaribia zaidi ile Siti ya Kijiti. Naye Bi Kidude, aliyefariki mwaka 2013, aliimba nyimbo za Siti kwa miongo mingi, akizipunguza na kuziongeza kadiri hadhira ilivyomwelekeza.

Sahani zilizosalia zina dakika chache tu za kila wimbo, kiasi ambacho upande mmoja wa santuri uliweza kubeba. Zimehifadhi ala na waimbaji. Hazikuhifadhi mazungumzo yaliyotangulia ubeti, wala kicheko cha jirani aliyemtambua mhusika kabla jina lake halijatajwa.