Speke na Mdudu wa Sikioni

John Hanning Speke alizaliwa Uingereza tarehe 4 Mei 1827. Alipopata umri wa miaka 17 aliingia katika jeshi la India, na huko akazoea kupanda milima mirefu na kuwinda wanyama. Mwaka 1855 alikuwa Berbera, katika pwani ya Wasomali, pamoja na mwenzake Richard Burton. Usiku mmoja kambi yao ilishambuliwa, na Speke akapata majeraha 11 ya mikuki. Wengi wangalikoma kusafiri baada ya mateso kama hayo, lakini yeye alipona, akarudi Afrika.

Mwezi wa Juni 1857 Speke na Burton walivuka kutoka Unguja wakashuka Kaole, mji wa kale ulio karibu na Bagamoyo. Nia yao ilikuwa kuyafikia maziwa makubwa ya bara. Wenyeji wa huko waliyajua tangu zamani, na wafanyabiashara wa pwani waliyasimulia, ila Wazungu walikuwa hawajayaona. Katika msafara wao alikuwamo Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyetekwa utotoni, akauzwa utumwani, akakaa miaka mingi India. Speke hakujua Kiswahili, lakini yeye na Bombay walisemezana kwa Kihindi. Basi Bombay akawa ulimi wake na masikio yake.

Safari ilikuwa ngumu. Homa iliwaandama njia nzima. Hata walipofika Ujiji, mwezi wa Februari 1858, Burton alikuwa hawezi kutembea, na macho ya Speke yalikuwa yamevimba hata akaona ukungu mtupu mahali penye ziwa. Hata hivyo, mwezi uliofuata, Speke alipanda mtumbwi pamoja na Bombay na wapiga makasia, akavuka Ziwa Tanganyika kwenda kutafuta jahazi la kukodi.

Njiani walipumzika kisiwani. Usiku ukaja upepo wenye mvua kubwa, ukang'oa vigingi vya hema. Dhoruba ilipotulia, Speke aliwasha mshumaa ili avipange vyombo vyake. Mara wadudu wadogo weusi wenye mabawa magumu wakaja wengi sana kwa kufuata mwanga, wakajaa hema lote. Alijaribu kuwafukuza, akashindwa; akazima mshumaa, akalala. Alipokuwa usingizini, mdudu mmoja akaingia katika sikio lake. Akapenya mpaka alipokosa nafasi ya kupita, kisha akaanza kuchimba kwa nguvu.

Speke aliamka kwa maumivu makali. Hapakuwa na tabibu kisiwani. Alitaka mafuta, hakupata. Alitaka chumvi, hakupata. Akamimina siagi iliyoyeyushwa, nayo haikufaa. Ndipo alipotwaa kisu kidogo cha kukunja akakitia ncha sikioni. Mdudu alitulia, lakini kisu kilimjeruhi Speke mwenyewe. Sikio likatunga usaha, uso ukapindika upande mmoja, na majipu yakashuka kutoka sikioni mpaka begani. Siku kadhaa hakuweza kutafuna, akaishi kwa mchuzi tu. Kwa miezi mingi alikuwa karibu kuwa kiziwi. Naye, aliyekwisha kuchomwa mikuki mara 11, aliandika baadaye kwamba hakumbuki maumivu yaliyozidi hayo.

Ili kufahamu madhara aliyoyapata, yafaa kujua jinsi sikio lilivyojengwa. Sikio ni kama nyumba yenye vyumba vitatu. Cha kwanza ni njia ya nje, na mwisho wake ni kiwambo chembamba kama ngozi ya ngoma. Nyuma ya kiwambo kuna chumba cha kati chenye mifupa midogo 3, na chumba hicho kina kijia kiendacho nyuma ya pua. Ndani zaidi, katika mfupa mgumu, kuna chumba cha tatu. Humo mna sehemu ya kusikia, iliyojipinda kama konokono, na mirija 3 yenye maji iutambuayo mwendo wa kichwa. Mshipa wa fahamu huchukua habari za kusikia na za usawa wa mwili, ukazipeleka kwenye ubongo.

Chumba hicho cha tatu hakionekani kwa macho, kwa hiyo daktari hukijua kwa dalili. Kikiugua, au mshipa wake ukiugua, mara nyingi mgonjwa huona dunia inazunguka, hupepesuka, na macho yake huchezacheza upande bila yeye kutaka. Daktari Robert Bárány wa Vienna aligundua kwamba maji ya baridi au ya moto yakitiwa katika sikio zima, macho hucheza hivyo hivyo. Yasipocheza, sikio la ndani au mshipa wake una kasoro. Kwa kazi yake juu ya sikio la ndani alipewa Tuzo ya Nobel ya mwaka 1914. Lakini maji hayo hayatiwi katika sikio lililotoboka kiwambo.

Speke hakuwa na daktari wa kumpima, ila alikuwa na dalili moja iliyosikika na kila mtu. Alipopenga kamasi, sikio lake lilipiga mluzi, na watu wakacheka. Pumzi ilipita kutoka puani, ikaingia chumba cha kati, ikatokea nje. Maana yake kiwambo kilikuwa kimetoboka. Vipande vya mdudu, mguu na bawa, vilitoka pamoja na nta baada ya miezi sita au saba.

Akiwa na sikio hilo bovu, Speke alikwenda kaskazini, na tarehe 3 Agosti 1858 akaliona ziwa kubwa la Nyanza, akaliita Victoria. Mwezi wa Februari 1859 msafara ulirudi pwani, ukatokea Kunduchi, kaskazini ya Dar es Salaam. Mwezi wa Oktoba 1860 Speke aliondoka tena Bagamoyo, pamoja na James Grant na Bombay, na tarehe 28 Julai 1862 akafika mahali ambapo Mto Naili hutoka ziwani. Alikufa Uingereza tarehe 15 Septemba 1864, kwa risasi ya bunduki yake mwenyewe, alipokuwa akipanda ukuta katika kuwinda. Umri wake ulikuwa miaka 37.

Mdudu akiingia sikioni, usitie kisu, wala kijiti, wala unyoya. Mwambie mkubwa wako, nawe uende hospitali. Mdudu wa Speke alikuwa mdogo. Jeraha kubwa lilitoka katika mkono wake mwenyewe.