Christian Ehrenberg, mtu aliyesoma bahari ya kale ndani ya jiwe

MINOVA – Wavuvi wa Minova, katika teritwari ya Kalehe, wanajua kwamba sambaza haishi kwa maji matupu. Inakula vidudu vidogo vya ziwani, na vidudu hivyo vinakula mimea midogo zaidi ambayo jicho haliwezi kuiona. Mimea hiyo ikifa, sehemu yake inazama na kubaki katika matope ya chini. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, watafiti wa taasisi ya Woods Hole ya Marekani, wakiwemo Egon Degens na Robert Hecky, walichukua matope hayo ya Ziwa Kivu, wakasoma ndani yake namna ziwa lilivyobadilika kwa maelfu ya miaka.

Kazi ya namna hiyo, kusoma historia ya maji kwa mabaki ya viumbe visivyoonekana, ina mzee wake. Ni Mjerumani Christian Gottfried Ehrenberg, aliyefariki mwaka 1876.

Ehrenberg alizaliwa tarehe 19 Aprili 1795 katika mji mdogo wa Delitzsch, karibu na Leipzig. Alianza kusomea teolojia, kisha akageukia udaktari na kumaliza masomo huko Berlin mwaka 1818. Miaka miwili baadaye alifunga safari kuja Afrika pamoja na rafiki yake Wilhelm Hemprich, daktari kama yeye. Kazi yao ilikuwa kukusanya mimea na wanyama. Walipita Misri, wakapanda mto Nile mpaka Dongola nchini Sudan, kisha wakazunguka pwani za Bahari ya Shamu. Mwaka 1823, huko Tor katika Sinai, Ehrenberg aliona maji ya ghuba yamekuwa mekundu kama damu. Wengine wangeogopa. Yeye aliyachota, akayatazama, akakuta ni mmea mdogo sana uliozaana kwa wingi.

Safari hiyo ilidai gharama kubwa. Mwaka 1825 walifika Massawa, bandari ambayo leo iko Eritrea. Homa ilimshika Hemprich, akafa tarehe 30 Juni akiwa na miaka 29. Ehrenberg alirudi Berlin bila rafiki yake, akiwa na mzigo wa maelfu kwa maelfu ya mimea na wanyama waliokusanya pamoja.

Tangu hapo maisha yake yaliegemea hadubini, ile mashine ya laboratwari inayokuza vitu vidogo. Mwaka 1836 aliiambia Akademia ya Sayansi ya Berlin jambo ambalo hakuna aliyekuwa amelitaja mbele yake. Alikuwa amechukua jiwe la gumegume, lile ambalo watu wa zamani walilitumia kuwashia moto, akalivunja vipande vyembamba hadi mwanga ukapenya. Ndani yake aliona mabaki ya viumbe vya bahari ya kale.

Aliyagawa kwa maumbo. Baadhi yalikuwa na mfereji kiunoni na vibao vilivyopangwa kama vigae. Hayo aliyatambua haraka: yalifanana na dinoflajelati, viumbe vya chembe moja vinavyoogelea majini kwa mikia miwili. Kimojawapo alikiita kwa jina la mji wake wa kuzaliwa. Mengine yalikuwa viduara vyenye miiba: miiba kama nywele, miiba yenye ncha za uma, miiba yenye matawi. Hayo aliyaweka katika jamii ya miani ya maji baridi, iitwayo Xanthidium.

Hapo alikosea, na kosa hilo lilichukua zaidi ya miaka mia moja kusahihishwa. Mwaka 1961 Mmarekani William Evitt alionyesha kwamba vingi kati ya viduara hivyo vya miiba ni vya dinoflajelati pia. Baadhi ya dinoflajelati hujifungia katika ganda gumu, huzama chini na kulala humo. Wakati ukifaa, kiumbe hufungua mlango mdogo na kutoka, ganda likabaki tupu. Evitt aliona mlango huo, na akaona kwamba miiba imepangwa kwa kufuata vibao vya kiumbe mwenyewe. Tangu hapo wataalamu hutambua maganda hayo kwa mambo matatu: vibao, miiba na mahali pa mlango.

Si elimu ya kupamba vitabu tu. Ganda hilo halili hata kwa asidi kali inayoyeyusha jiwe, na kila aina iliishi kwa kipindi chake. Kwa hiyo wanaotafuta mafuta chini ya bahari hupima umri wa mwamba kwa kuangalia maganda yaliyomo.

Ehrenberg alikosea pengine pia. Aliamini kwamba kila kiumbe cha namna hiyo kina matumbo kamili kama mnyama mkubwa. Mfaransa Félix Dujardin alimpinga kwa ushahidi, lakini yeye hakulegea hata baada ya wenzake wengi kuacha wazo hilo.

Kilichomlinda ni utaratibu wake. Alichora alichokiona, akaandika kila kipande kilitoka wapi, na hakutupa kitu. Hata Charles Darwin alimtumia vumbi lililokusanywa juu ya bahari ya Atlantiki. Binti yake Clara alimsaidia kupanga na kuchora. Alipofariki tarehe 27 Juni 1876, aliacha vipande vipatavyo 40,000 vilivyotayarishwa kwa hadubini, pamoja na michoro ipatayo 3,000. Vinahifadhiwa mpaka leo katika Jumba la Makumbusho la Historia ya Asili, Berlin.

Maelezo yake mengi yamepitwa na wakati. Lakini mtafiti akitaka kujua Ehrenberg aliona nini hasa, anaweza kwenda kuangalia jiwe lilelile. Na lile ganda la miiba yenye matawi, alilolipa jina mwaka 1838, limehamishwa jamii, ila neno alilolichagua, ramosus, yaani lenye matawi, bado linatumika.