Mobutu na jezi ya chui

Mteja anayeulizia jezi ya Zaire ya mwaka 1974 hataki jezi mpya ya msimu huu. Anataka ile ya kijani yenye njano, yenye kichwa kikubwa cha chui ndani ya duara, katikati ya kifua. Siku hizi jezi hiyo inatengenezwa upya, na wanaivaa hata vijana waliozaliwa baada ya jina la Zaire kufutwa mwaka 1997. Kwa anayeipitisha Goma, Gisenyi au Kasumbalesa, si vibaya kujua kwamba chui yule alikuwa na mwenyewe.

Joseph-Désiré Mobutu alizaliwa Lisala, kando ya mto Kongo, tarehe 14 Oktoba 1930. Baba yake alikuwa mpishi wa hakimu Mbelgiji, naye alifariki mtoto akiwa na miaka minane. Kijana alisoma kwa wamisionari, akapelekwa jeshini, kisha akawa mwandishi wa habari mjini Léopoldville, ambao leo ni Kinshasa. Uhuru ulipopatikana mwaka 1960 alikuwa karibu na Lumumba, na miezi michache baadaye ndiye aliyemgeuka. Tarehe 24 Novemba 1965 alitwaa nchi yote.

Mpira aliuona mapema kuliko watawala wengi. Mwaka 1966 aliwarudisha nyumbani Wakongo waliokuwa wakicheza Ubelgiji, na timu ya taifa ikaitwa Chui. Chui alikuwa alama yake mwenyewe: kofia ya ngozi ya mnyama huyo haikumtoka kichwani. Matunda hayakuchelewa. Mwaka 1968, mjini Addis Ababa, Chui waliifunga Ghana 1-0 na kuchukua Kombe la Afrika. Englebert ya Lubumbashi, ambayo leo ni Mazembe, ilikuwa bingwa wa vilabu vya Afrika mwaka 1967 na 1968. Vita Club ikafuata mwaka 1973.

Katikati ya hayo alibadilisha kila kitu kilichokuwa na jina. Mwaka 1971 Kongo ikawa Zaire. Mwaka 1972 yeye akawa Mobutu Sese Seko, na raia wakaamriwa waache majina ya Kizungu. Bendera ikawa ya kijani yenye duara la njano. Ukiitazama jezi ile vizuri, ni bendera hiyo pamoja na mnyama wake rais.

Halafu akafika kwenye maduka. Tarehe 30 Novemba 1973 alitangaza kwamba biashara na mashamba ya wageni yangepewa wananchi. Wengi waliogawiwa walikuwa watu wa karibu na serikali. Waliuza mali waliyoikuta, na kuagiza nyingine hawakujua. Wagiriki, Wareno na Waasia waliokuwa wakisambaza bidhaa mikoani waliondoka, na njia za bidhaa zikafa pamoja nao. Siku chache baada ya tangazo hilo, Chui waliifunga Morocco 3-0 mjini Kinshasa na kupata tiketi ya Kombe la Dunia, ya kwanza kwa nchi ya Afrika iliyo kusini mwa Sahara. Nani angeuliza habari za maduka wiki ile?

Machi 1974, nchini Misri, Chui walichukua tena Kombe la Afrika. Fainali dhidi ya Zambia ilikwisha 2-2, ikarudiwa, Zaire ikashinda 2-0. Mabao yote manne ya Zaire yalifungwa na mtu mmoja, Ndaye Mulamba, aliyemaliza mashindano akiwa na mabao tisa. Wachezaji waliahidiwa nyumba na magari.

Juni wakaenda Ujerumani Magharibi. Scotland iliwafunga 2-0, matokeo yasiyo ya aibu. Kabla ya mechi ya pili wachezaji walipata habari kwamba posho zao hazingewafikia, wakataka kugoma. Waliingia uwanjani bila moyo na Yugoslavia ikawafunga 9-0. Mwepu Ilunga, beki wa timu hiyo, alisimulia baadaye kwamba walinzi wa rais waliwaonya wasifungwe na Brazil zaidi ya mabao matatu. Brazil ilishinda 3-0. Katika mechi hiyo Mwepu alichomoka kwenye ukuta na kuupiga mbali mpira wa faulo ya Brazil, na dunia ikacheka. Ukijua walichoonywa, huwezi kucheka sana.

Mobutu hakuwapokea kama mwanzo. Oktoba mwaka uleule aliwaleta Kinshasa Muhammad Ali na George Foreman, kila mmoja kwa dola milioni tano. Pesa zilikuwapo, ila si za waliovaa chui kifuani.

Mwisho wa utawala wake ulionekana kwanza sokoni. Zaire, sarafu aliyoianzisha mwaka 1967 ikiwa na thamani ya dola mbili, ilishuka mpaka ikachapwa noti ya milioni tano. Mwanzoni mwa 1993 wanajeshi walilipwa kwa noti hizo, wafanyabiashara wakazikataa, na askari wakapora mji. Zaire mpya ilipotolewa mwaka huohuo, watu wa Kasai walikataa kuipokea na kuendelea na ile ya zamani.

Mei 1997 alikimbia, majeshi ya Laurent Kabila yakiingia Kinshasa. Alifariki kwa saratani mjini Rabat tarehe 7 Septemba 1997, akazikwa hukohuko Morocco.

Ndaye naye aliondoka. Mwaka 1994 alivamiwa na watu wenye silaha waliomdai pesa ambazo hakuwa nazo, akapigwa risasi mguuni, akaishia ukimbizini Afrika Kusini. Mwaka 1998, kwenye Kombe la Afrika nchini Burkina Faso, uwanja ulisimama kimya kumkumbuka kama marehemu. Wakati huo alikuwa hai, na alikuja kufariki mwaka 2019. Rekodi yake ya mabao tisa katika mashindano mamoja bado haijavunjwa.

Timu iliitwa Simba kwa muda chini ya watawala wapya. Baadaye jina la Chui likarudi.