Howard Florey na Panya Wanane
Penisilini inapotajwa, sifa humwendea Alexander Fleming aliyeigundua mwaka 1928. Walioigeuza kuwa tiba, hata hivyo, ni Howard Florey na wenzake. Florey, mzaliwa wa Adelaide, Australia, alihitimu shahada ya uzamifu Cambridge mwaka 1927, akateuliwa profesa wa patholojia Oxford mwaka 1935. Tarehe 25 Mei 1940 panya wanane walidungwa bakteria hatari. Wanne wakapewa penisilini. Kufikia asubuhi wale wengine wanne walikuwa wamekufa. Mwaka 1941 askari polisi aliyekuwa mahututi alianza kupata nafuu, dawa ikaisha, naye akafa. Miezi michache baadaye Florey alivuka bahari hadi Marekani kutafuta viwanda vya kuizalisha kwa wingi.