Leo Tolstoy: Safari ya Kujitambua na Swali la Kifo

Leo Tolstoy, mwandishi mashuhuri wa Urusi, alizaliwa tarehe 9 Septemba 1828 huko Yasnaya Polyana, shamba la familia yake kusini mwa Moscow. Alifiwa na mama yake kabla hajatimiza miaka miwili, na baba yake alipokuwa na miaka minane. Akalelewa na shangazi zake. Ujana wake ulijaa anasa na kamari. Baadaye alijiunga na jeshi, akashuhudia mauaji ya vita vya Crimea huko Sevastopol.

Mwaka 1862 alimwoa Sofia Behrs, wakajaliwa watoto 13. Sofia alinakili kwa mkono miswada ya mumewe, na riwaya za Vita na Amani na Anna Karenina zikamletea Tolstoy sifa kubwa.

Alipokaribia miaka 50, akiwa na afya, mali, familia na heshima, giza lilimwingia rohoni. Alijiuliza kazi zake zote zina maana gani ikiwa kifo kitazifuta. Ilimbidi kuificha kamba asije akajinyonga, na akaacha kwenda kuwinda na bunduki. Alitafuta jibu kwa wanasayansi na wanafalsafa, asilipate. Mwishowe aliwatazama wakulima maskini, waliofanya kazi, walioteseka na kufa wakiwa na imani tulivu. Mapambano hayo aliyasimulia katika kitabu chake cha Ungamo.

Kutoka katika jeraha hilo zilizaliwa hadithi zake fupi zilizo bora kabisa. Katika Kifo cha Ivan Ilyich, iliyotoka mwaka 1886, hakimu wa miaka 45 anaanguka akishughulikia mapazia ya nyumba yake mpya, na maumivu ya ubavuni yanageuka ugonjwa usiopona. Madaktari na jamaa wanamficha ukweli. Gerasim, mtumishi kijana kutoka kijijini, ndiye pekee asiyemdanganya. Humshikilia miguu usiku ili apate nafuu. Kwa wema huo Ivan anaanza kutambua kwamba maisha aliyoyadhania ya heshima yalikuwa matupu. Saa ya mwisho anawahurumia mkewe na mwanawe, na hofu ya kifo inamtoka.

Mwaka 1895 ilifuata Bwana na Mtumishi. Mfanyabiashara Vasily Brekhunov anasafiri katika dhoruba ya theluji ili awahi kununua msitu. Wanapopotea, anamtelekeza mtumishi wake Nikita na kutoroka na farasi. Lakini farasi anamrudisha palepale. Ndipo anapomlalia Nikita na kumpasha joto kwa mwili wake. Asubuhi bwana amekufa, mtumishi yu hai.

Katika hadithi zote mbili, mtu anajitambua anapoacha kujitazama na kumwona jirani aliyekuwa karibu naye siku zote.

Tolstoy alijitahidi kuyaishi hayo. Wakati wa njaa ya mwaka 1891 na 1892, yeye na watoto wake walifungua majiko yaliyolisha maelfu ya wakulima. Hata hivyo, aliukana Umungu wa Kristo pamoja na Sakramenti za Kanisa, na mwaka 1901 Sinodi Takatifu ya Kanisa la Kiorthodoksi la Urusi ilitangaza kwamba si muumini wake tena. Nyumbani nako, suala la mali na haki za vitabu lilimtenga na mkewe.

Usiku wa tarehe 10 Novemba 1910, akiwa na miaka 82, aliondoka kwa siri. Alimtembelea dada yake Maria, mtawa huko Shamordino, kisha akaugua nimonia njiani na kulazwa katika nyumba ya msimamizi wa stesheni ya Astapovo. Sofia alifika kwa treni, lakini hakuruhusiwa kuingia hadi mumewe alipokuwa hana fahamu tena. Tolstoy alifariki tarehe 20 Novemba.

Aliyeeleza vizuri namna hiyo upatanisho wa saa ya mwisho hakupata nafasi ya kuagana na mwenzi wake wa miaka 48. Hukumu tumwachie Mwenyezi Mungu, mwenye huruma. Sisi tulio katikati ya safari, tuzungumze mapema na wale tunaoishi nao, wangali wanatusikia.