Sir Almroth Wright, tabibu aliyewakinga wasafiri dhidi ya homa ya matumbo

Mkazi wa Kitisuru, jijini Nairobi, anayejiandaa kwenda ng'ambo huwa na mengi ya kutayarisha: pasipoti, viza, tiketi na kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Chanjo ya homa ya matumbo, yaani taifodi, haiulizwi mpakani, lakini daktari makini humshauri anayeelekea Bara Hindi aipate angalau majuma mawili kabla ya kuondoka, ili mwili upate muda wa kujijengea kinga. Desturi hii ilianzishwa na mtu ambaye jina lake halitajwi sana siku hizi.

Almroth Edward Wright alizaliwa Agosti 10, 1861 katika jimbo la Yorkshire, Uingereza. Babake alikuwa kasisi kutoka Ireland na mamake Mswidi. Katika Chuo cha Trinity, Dublin, alisomea fasihi na utabibu kwa pamoja, akahitimu katika fasihi mnamo 1882 na utabibu mwaka uliofuata. Mwaka wa 1892 aliteuliwa kuwa profesa katika chuo cha matabibu wa jeshi huko Netley, kusini mwa Uingereza.

Zama hizo, askari aliyetumwa katika makoloni alikuwa hatarini zaidi kwa maji aliyokunywa kuliko kwa risasi. Wright alikuza vijidudu vya homa ya matumbo, akaviua kwa joto, kisha akavidunga mwilini mwake na mwa wenzake. Alitangaza kazi hiyo mnamo 1896. Mwaka huohuo Wajerumani Richard Pfeiffer na Wilhelm Kolle walitangaza utafiti kama huo, na hadi leo wanahistoria wanabishana kuhusu nani alitangulia. Mwaka wa 1898 alisafiri hadi India na kuwachanja maelfu ya wanajeshi waliojitolea.

Mtihani mkubwa ulikuja na vita vya Makaburu nchini Afrika Kusini, 1899 hadi 1902. Jeshi liliiacha chanjo iwe hiari ya kila askari. Sindano yenyewe ilileta homa na maumivu makali kwa siku kadhaa, na habari zake zilienea haraka melini. Kati ya askari wapatao 328,000 waliopelekwa huko, ni takriban 14,000 tu waliokubali kuchanjwa. Zaidi ya 57,000 waliugua homa ya matumbo na karibu 9,000 wakafariki, idadi iliyozidi ile ya waliouawa vitani.

Ingedhaniwa kwamba maafa hayo yangemaliza ubishi, lakini sivyo ilivyokuwa. Jeshi lilisimamisha chanjo, naye Wright akajiuzulu mwaka wa 1902 na kuhamia hospitali ya St Mary's, London. Mnamo 1904 mwanatakwimu Karl Pearson alizikosoa hesabu zake hadharani, akisema hazikutosha kuthibitisha manufaa ya dawa hiyo. Ukosoaji huo ulikuwa na uzito, kwani waliochanjwa walijichagua wenyewe, hivyo hawakufanana kikamilifu na wenzao. Wright, mtu mwenye majivuno na ulimi mkali, hakupenda kusahihishwa. Mwenzake wa zamani, William Leishman, ndiye aliyeboresha chanjo na kukusanya ushahidi uliolishawishi jeshi kuirejesha.

Vita Kuu vilipozuka mwaka wa 1914, Wright alishinikiza kila askari achanjwe kabla ya kuvuka bahari. Sheria haikumlazimisha mtu, ila walio wengi mno walidungwa. Safari hii, jeshi la mamilioni lilipoteza watu wachache sana kwa ugonjwa huo likilinganishwa na lile dogo la Afrika Kusini.

Hakuwa malaika. Alipinga vikali wanawake kupewa haki ya kupiga kura, hata akaandika kitabu kizima kuhusu msimamo huo mnamo 1913. Aidha, mwaka wa 1911 aliitwa Johannesburg kuwachanja Waafrika waliofanya kazi migodini dhidi ya nimonia, matokeo hayakuridhisha. Hata hivyo, maabara yake ndiyo iliyomlea Alexander Fleming, mgunduzi wa penisilini. Alifariki Aprili 30, 1947, akiwa na umri wa miaka 85.

Kwa miongo mingi baada yake, chanjo hiyo ilibaki kinga ya mgeni. Mzungu aliyekuja kufanya kazi Nairobi alidungwa kwao kabla ya kupanda ndege, ilhali mtoto wa Kangemi au Kibera, aliyekunywa maji yasiyo salama kila siku, hakuipata katika ratiba ya kawaida ya kliniki. Chanjo za awali hazikuwafaa watoto wachanga, nayo kinga yake ilififia baada ya miaka michache.

Hali ilibadilika kwa aina mpya, ambapo sukari ya ganda la kijidudu huunganishwa na protini. Majaribio yaliyofanywa Blantyre, Malawi, kwa watoto zaidi ya 28,000 yalionyesha kwamba dozi moja ilizuia takriban visa vinane kati ya kumi. Julai 2025, Kenya ilianza kuitoa kote nchini kwa watoto wa miezi tisa hadi miaka 14, bila malipo, Kitisuru sawa na Kangemi. Mtu mzima anayesafiri bado huitafuta mwenyewe.