Richard Hindorf na Miche Sitini na Miwili

Katika Gatuanyaga, mashariki ya mji wa Thika, kama katika sehemu nyingi za Kenya, kamba ya katani na kiondo ni vitu vya kila siku, na ni nadra mtu kuuliza asili ya uzi wake. Makala haya yanaangazia maisha ya mtu ambaye jina lake limefungamana na uzi huo, Daktari Richard Hindorf, Mjerumani aliyezaliwa mwaka wa 1863.

Hindorf alikuwa mtaalamu wa kilimo katika Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki. Kazi yake ilikuwa kutafuta zao litakalostahimili ukame wa nyanda zilizo nyuma ya pwani ya Tanga. Mnamo 1892 alisoma, katika jarida la bustani ya Kew ya Uingereza, habari za mmea wa Yucatán, Meksiko, uliotoa nyuzi imara za kamba. Maadamu Wameksiko waliulinda mmea huo wasije wakapata washindani, Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, Marekani, ambako ulikuwa umekwisha kupelekwa awali. Safari ilikuwa ndefu. Ilipofika Hamburg, miche hai ilikuwa 200 tu. Ilipofika Tanga mwaka wa 1893, ilisalia 62. Ndiyo iliyopandwa Kikogwe, karibu na Pangani. Ipo hekaya kwamba miche hiyo ilifichwa ndani ya mamba aliyekaushwa. Ndivyo fasihi simulizi inavyoinogesha historia.

Miche hiyo michache ilizaa mashamba makubwa. Kufikia 1913 koloni hilo lilisafirisha zaidi ya tani 20,000 za katani kwa mwaka. Mmea ulivuka mpaka na kuingia Kenya mwanzoni mwa karne ya 20, na shamba la Punda Milia, huko Makuyu, kaskazini ya Thika, likawa miongoni mwa yaliyotangulia. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia Wajerumani walinyang'anywa mashamba yao, lakini Hindorf aliishi hadi 1954, akaliona zao lake likistawi mikononi mwa wengine.

Hata hivyo, wasifu huu hautakamilika tukiishia kwa Hindorf. Katika kila kilo 100 za majani, katani huwa kilo nne hivi. Zilizosalia ni maji na makapi. Majani hayo yote yalikatwa kwa mkono, yakafungwa matita na kupelekwa kwenye korona, mashine ya kukamua. Waliofanya kazi hiyo Tanganyika walitolewa mbali, wakapewa namba, na lugha yetu ikawaita manamba. Miche 62 imehesabiwa hadi wa mwisho, ilhali watu hao wengi wao walibaki namba tu.

Aidha, msamiati wenyewe una ushahidi wake. Neno mkonge halikuja na miche ya Florida. Waswahili walikuwa wakiuita hivyo mmea wa porini wenye nyuzi kabla ya 1893, na mgeni akapewa jina la mwenyeji. Neno katani nalo limetoka katika Kiarabu, ambamo humaanisha kitani. Vilevile, wanawake wa Kikuyu walisuka viondo kwa nyuzi za magome ya vichaka kabla ya kuukumbatia mkonge. Kwa hivyo Hindorf alileta mmea, wala hakuleta ujuzi wa uzi.

Mnamo 1964 Tanzania ilizalisha takribani tani 230,000 za katani. Kisha nyuzi za plastiki zikaiporomosha bei. Anayeandika historia ya mkonge hana budi kumpa Hindorf sifa inayomstahiki, yaani ya kuivusha bahari miche 62. Sifa ya yaliyofuata ni ya mikono iliyoikata, na neno manamba lingali linatudai tuikumbuke.